Mchoro wa 3 Juni 1813: nilipofikia hadi sasa

Wiki ya tatu hii ninanakili mchoro mmoja tu. Caspar David Friedrich, mchoraji wa Ujerumani, aliuchora kwa penseli juu ya kilima cha Kaiserkrone, karibu na mto Elbe. Ni miamba mitupu, hakuna mtu wala ukungu. Miaka kama mitano baadaye, mwamba huohuo ndio aliomsimamisha juu yake yule msafiri aliyetupa mgongo, katika mchoro wake wa rangi unaojulikana zaidi, Msafiri Juu ya Bahari ya Ukungu.

Jumanne nilikosea. Nilikuwa nikinakili mistari myeusi nikidhani ni vivuli, nikaanza kutafuta jua lilikuwa upande gani. Halikupatikana, kila mstari ulinipeleka upande wake tofauti. Kumbe ni nyufa! Milima ile ni ya jiwe la mchanga lililojilaza chini ya bahari zama za dinosaria, na jiwe hilo hupasuka wima na kwa ulalo hadi likafanana na matofali yaliyopangwa. Friedrich alifuata nyufa, mwanga akauacha. Nilifuta kazi ya siku mbili nikaanza upya, penseli ikiwa imechongwa vizuri.

Jumamosi nilitoa picha ya mchoro wa rangi pale steshenari, nikaweka juu yake nakala yangu ya karatasi nyepesi na kuinua vyote dirishani. Mwamba ule karibu unalingana ufa kwa ufa. Lakini nyuma ya msafiri amepanga milima apendavyo: miamba ya Gamrig, iliyo Rathen huko chini zaidi mtoni, ameileta mbele ya macho yake. Kwa hiyo jiwe la miguuni hakuthubutu kuligusa, ya mbali ndiyo aliyoihamisha. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoyaona.

Halafu tarehe. Friedrich alikuwa amehamia kijiji cha Krippen kwa sababu Dresden ilikuwa mikononi mwa jeshi la Napoleon. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini tarehe 4 Juni, siku moja tu baada ya mchoro huu. Yeye hakulijua hilo alipokuwa akihesabu nyufa. Tangu nilinganishe tarehe hizo mbili, siwezi tena kuiita karatasi hii mazoezi ya mkono.

Kesho narudia kona ya chini kulia. Nyufa tatu bado hazijakaa sawa.