Pikapu la Kuazima, Bunduki ya Kuazima, Ndege Wangu

Mjomba ameniandikia juzi usiku, hata salamu hakuna: "Kumbe una gari kubwa, una bunduki, una na shamba, halafu ada ya mtoto wa dada yako unasema subirini mwisho wa mwezi."

Nikaifungua tena ile picha niliyoituma kwenye kundi la ukoo. Kwa macho ya Korogwe, kweli, ni picha ya tajiri. Nimepiga goti kwenye majani mabichi, nimevaa kombati kuanzia kofia hadi viatu, bunduki imelala pajani, nyuma yangu pikapu jekundu, mbele yangu bata mzinga pori ametandazwa mkia wote.

Sasa naomba tuhesabiane. Pikapu ni la mzee mmoja fundi wa mitambo kazini kwetu. Shamba ni la shemeji yake. Bunduki ya marisau ni yake pia, na kombati ni za mwanawe, zinanibana kifuani hadi nashindwa kuinua mkono. Changu mle ndani ni kibali cha uwindaji cha jimbo la Missouri, huku Marekani, ambacho kwa mkazi si ghali, na ndege. Basi.

Na huyo mjomba ana nafuu. Shangazi aliuliza kama nimejiunga na jeshi, maana kwetu raia akikutwa na kombati ana maelezo marefu ya kutoa. Binamu yangu akanipigia kabisa: "Futa hiyo picha kabla watu wa maliasili hawajaiona." Simlaumu. Sisi tumekua tukijua kwamba picha ya mtu na mnyama pori aliyekufa ni kielelezo cha mahakamani. Huku wanaibandika kwenye mlango wa friji. Msimamizi wangu anayo mezani kwake, kubwa kuliko ya mkewe.

Mimi bata mzinga nawaona kila siku, ila wale weupe wa kiwandani ninakofanya kazi, wananing'inia kwenye mnyororo, kifua kikubwa hadi kuruka hawawezi. Wa porini ni kiumbe mwingine. Mweusi, lakini jua likimpiga manyoya yanatoa rangi ya shaba na kijani. Analala juu ya mti. Anaona rangi, anaona ukikuna pua, na kichwa chake chenyewe hubadilika kuwa chekundu, cheupe na buluu akipandwa na hasira au mapenzi. Ndiyo maana jambo la kwanza nililofundishwa ni kutovaa rangi hizo tatu msituni, hata soksi, asije mwindaji mwingine akadhani wewe ndiye ndege. Rangi za bendera yao wenyewe, na zinaweza kukuua.

Mzee ananiambia baba yake alikulia hapahapa na hakuwahi kumwona hata mmoja. Waliwindwa na misitu ikakatwa, hadi miaka ya 1950 mwanzoni jimbo zima lilikuwa limebaki na ndege wasiofika 2,500. Idara ya wanyamapori ikawa inawanasa kwa nyavu pale walipobaki, inawahamishia wilaya nyingine, na uwindaji ukafunguliwa tena mwaka 1960. Leo ni laki kadhaa. Hili nimelisema kwenye kundi, hakuna aliyejibu. Waliuliza bei ya pikapu.

Masharti yao ni mengi na wanayafuata, hicho ndicho kinachonishangaza. Msimu wa Aprili ni wiki tatu tu. Unapiga dume tu, au yeyote mwenye ndevu, yaani ule msokoto wa singa unaoning'inia kifuani. Wawili msimu mzima, na wiki ya kwanza huruhusiwi zaidi ya mmoja. Kumwaga mahindi ili waje ni kosa, na mimi utotoni kanga na kwale sikuwapata kwa njia nyingine. Ukimpata unatoa taarifa siku hiyohiyo kabla ya saa nne usiku, na hadi utakapotoa taarifa kichwa na manyoya vibaki mahali pake. Hakuna askari aliyekuja kutukagua. Mzee alitoa taarifa kwa simu akiwa amekaa kwenye ndoo, akiwa na maziwa yake mkononi.

Tulikaa chini ya mwaloni kabla hapajapambazuka. Yeye anasugua kijiti kwenye kibao cha jiwe, kinatoa mlio wa jike. Dume akajibu ng'ambo ya korongo, gulugulu moja iliyonisimamisha nywele, halafu kimya kirefu, halafu nikasikia mabawa yakiburuzwa kwenye majani makavu. Nilisoma bismillahi, nikafyatua.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ndege bado anapapatika, mimi nimeshachomoa kisu nakimbia. Mzee nyuma anapiga kelele: "Shingo acha! Shingo acha! Picha!" Nikachinja. Damu ikaruka kwenye manyoya ya kifua, na yule mzee, mtu mpole ambaye kazini hajawahi kumkaripia mtu, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Nikamweleza kwamba nyumbani kwangu kuna watoto watatu na mama yao, na wote watauliza alichinjwa au hakuchinjwa. Akafikiri. Akasema sawa, basi tutamgeuza.

Jamani, sijaona maiti ya ndege ikihudumiwa vile. Alimfuta damu kwa vile vitambaa vya unyevu vya watoto, unyoya kwa unyoya. Akamrudisha ulimi mdomoni. Akamlaza kwa ubavu ili nilipokata pasionekane, akang'oa majani marefu yaliyokuwa yanaficha ndevu, akatandaza mkia, akavuta mguu mmoja mbele ili kipi kionekane, ule mwiba kama wa jogoo, maana ndiyo cheti cha umri. Bunduki akaitoa risasi kwanza, akaniambia mdomo wake usimwelekee mtu hata kwenye picha. Yeye akalala kifudifudi matopeni ili ndege aonekane mkubwa. Picha zilikuwa nyingi, na katika zote nimekunja uso kwa sababu ya jua.

Wana hata hesabu ya kumpa ndege alama: uzito, jumlisha urefu wa ndevu mara 2, jumlisha urefu wa ile miba ya miguuni mara 10. Ladha haimo.

Na kweli haimo. Tulipofika kwake akakata minofu miwili ya kifua na kunikabidhi kwa heshima, kisha akaelekea kwenye pipa na kilichobaki. Mapaja, mabawa, firigisi, shingo! Nilimshika mkono. Mtu aliyemtunza ndege yule kwa ajili ya kamera namna ile, anatupa mapaja. Akasema ni magumu. Ni magumu, ndiyo, ndege wa porini anatembea. Papai bichi, tangawizi, moto mdogo, na uvumilivu.

Kwa mnaojiandaa kuja, na najua mnasoma: kabla hujashika bunduki ya mtu huku, jua karatasi zako zinasemaje. Mimi nina ukazi wa kudumu na nilisoma kozi yao ya usalama. Asiye na karatasi, sheria ya shirikisho inamkataza kushika silaha, na mwenye viza ya muda, mwanafunzi pia, anakatazwa isipokuwa ana kibali halali cha uwindaji au sababu nyingine chache zilizotajwa. Kupozi nayo dakika moja nako ni kuishika. Ukaiweka mtandaoni, umewapa ushahidi kwa mkono wako. Na nyama usiuze. Kwetu mabucha ya nyamapori yameruhusiwa, huku kuuza hata paja moja ni kesi. Unagawa tu.

Na kugawa wanajua. Mzee alikwenda kuwasimulia wenzake kuhusu mtu wa Tanzania anayelilia mapaja, na sasa kila anayewinda ananiletea mfuko, umeandikwa jina lake, namba ya kibali na tarehe. Mimi nala niliyemchinja mwenyewe, kwa hiyo mifuko hiyo inakwenda kwa mama mmoja wa Uvira, Kongo, jirani yetu, anayewalisha vijana saba. Jana amenisimamisha kwenye ngazi kuniuliza kama na vichwa huwa wanatupa.