Dawa ya ukungu haitibu kila ukungu

Juni ikiingia, miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, hulala ndani ya ukungu hadi saa 3 au 4 asubuhi. Wiki hizohizo ukungu wa pili, ukungu wa kijivu unaoozesha mazao, huota juu ya stroberi, nyanya na waridi kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Kiswahili kimevipa jina moja, na kweli vinatembea pamoja. Shida huanzia dukani: mkulima anaomba "dawa ya ukungu", anapewa ya bakajani (ugonjwa wa mabaka ya majani), mara nyingi mchanganyiko wa metalaksili na mankozebu.

Metalaksili ni dawa nzuri kwa bakajani chelewa na ubwiri vinyoya, magonjwa ya vimelea ambavyo si kuvu halisi. Ukungu wa kijivu unaletwa na Botrytis cinerea, kuvu halisi, na metalaksili haiigusi kabisa. Mankozebu hupunguza kidogo tu. Ndiyo maana mtu anapiga mabomba kumi na shamba bado linaoza, kisha anasema dawa ni feki. Huenda dawa ni sahihi ila ugonjwa ndio siyo.

Kuvitofautisha si kazi kubwa. Bakajani chelewa huacha mabaka meusi yenye majimaji, na asubuhi yenye unyevu utaona utando mweupe chini ya jani. Ukungu wa kijivu una manyoya ya rangi ya majivu. Ukigusa tunda lililooza, vumbi hupaa kama moshi. Kila punje ya vumbi hilo ni mbegu ya kuvu. Tena huanzia kwenye kitu kilichokufa au kuchoka: petali iliyonasa kwenye tunda, kisiki cha tawi lililopogolewa, ncha ya jani iliyoungua. Kwenye nyanya mbichi kuna dalili nyingine inayowachanganya wengi, vijiduara vyeupe vyenye kitone katikati. Hapo kuvu ilijaribu kuingia ikashindwa. Tunda halitaoza kwa ajili ya vijiduara hivyo, ila soko la daraja la kwanza limeshapotea.

Kwenye stroberi, jambo la kushika ni hili: tunda linalooza leo liliambukizwa likiwa ua. Mbegu ya kuvu huanguka kwenye ua lililofunguka, ikipata maji juu yake kwa nusu siku hivi katika nyuzijoto 15 hadi 22 huingia, kisha hulala. Tunda likiwa kijani lina tindikali na kemikali za kujilinda, kwa hiyo kuvu husubiri. Sukari inapopanda na ngozi kulainika, huamka. Kupiga dawa tunda lenye manyoya tayari ni kuosha kuni zilizokwisha kuungua.

Kama hutaki kubahatisha, friza ya nyumbani inatosha kukuonyesha ugonjwa uliolala. Chukua matunda mabichi 50 kutoka sehemu mbalimbali za shamba, si mstari mmoja. Yatumbukize dakika 2 kwenye jiki: sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji. Suuza mara mbili kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Yagandishe usiku kucha, kisha yapange yasigusane kwenye chombo chenye mfuniko, juu ya karatasi laini iliyoloweshwa, na yaweke mahali pasipo na jua. Baridi huua chembe za tunda, hivyo ulinzi wake unakwisha na kuvu inajitokeza. Hesabu yenye manyoya ya kijivu siku ya 4 hadi ya 7. Ukiruka hatua ya jiki utakuwa unahesabu vumbi la juu ya ngozi, na jibu litakudanganya. Manyoya meupe marefu yenye vichwa vyeusi, yanayojaza chombo kwa siku moja au mbili, ni Rhizopus, kuvu nyingine, hayo usiyahesabu.

Kabla ya dawa, hewa. Mwagilia kwa matone, na kama ni lazima kutumia mpira, maliza kabla ya saa 4 asubuhi ili majani yakauke. Kwenye kitalu nyumba (banda la nailoni la kuoteshea mazao), kosa la kawaida ni kufunga pande zote jioni ili "kutunza joto". Hewa yenye unyevu inabaki ndani, nailoni ya juu inapoa usiku, na alfajiri matone yanadondokea maua. Fungua pande dakika 30 hivi kabla ya kufunga, hewa nzito itoke, kisha acha mwanya juu. Nyanya pogoa asubuhi kavu, kata karibu kabisa na shina bila kuacha kisiki, kwa sababu kisiki ndicho ngazi ya kuvu kwenda kwenye shina. Mabaki toa nje kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiyarundika mlangoni umehamisha tu chanzo. Na urea ikizidi, majani yanakuwa mengi na laini, hewa haipiti. Moshi mjini na tambarare zake joto husaidia, lakini ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu, hali ni ileile ya Arusha.

Sasa dawa. Angalia jina la kiambato na namba ya kundi lake (kundi huonyesha namna dawa inavyoiua kuvu), usitazame jina la kopo. Makundi yanayoigusa Botrytis ni kama 2 (iprodioni), 7 (boskalidi), 9 (pirimethanili, siprodinili), 12 (fludioksonili) na 17 (fenheksamidi). Kaptani hushambulia kuvu sehemu nyingi kwa pamoja, kwa hiyo usugu wake ni nadra. Kundi 1, lenye kabendazimu, ni jamii ya benomili, ambayo usugu wa Botrytis dhidi yake uliripotiwa Uholanzi tangu 1971. Makopo mawili yenye majina tofauti na kundi moja ni dawa ileile, na kuyapokezana si kubadilisha. Usirudie kundi moja mfululizo, na fuata kikomo cha lebo cha mara za kupiga kwa msimu. Hakikisha pia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, imesajili dawa hiyo kwa zao lako, na uheshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Hesabu ya bomba huharibiwa na kupima dawa kwa kifuniko cha soda. Tuseme lebo inasema kilo 1.5 kwa hekta na unatumia maji lita 500 kwa hekta: hiyo ni gramu 3 kwa lita, yaani gramu 48 kwa bomba la lita 16. Pima kwa mizani. Pigo la kwanza ni maua yakianza, karibu ua moja kati ya kumi, la pili baada ya siku 7 hadi 10. Stroberi zetu huchanua kwa mawimbi, basi fuata wimbi la maua, usifuate kalenda.

Utafiti nao umelifuata ua. Kanada, mwaka 1992, watafiti Peng, Sutton na Kevan walionyesha kwamba nyuki wakitoka mzingani kupitia unga wa kuvu rafiki, Clonostachys rosea, huufikisha wenyewe kwenye maua ya stroberi na kupunguza ugonjwa. Kwa eneo lenye wafugaji wa nyuki kama letu, hilo ni wazo la kujaribiwa kwa bidii. Marekani, watafiti wa wizara ya kilimo huko West Virginia walijaribu kupitisha usiku taa za UV-C, mionzi mikali isiyoonekana inayoua vimelea, kisha mimea ikakaa gizani kwa muda wa saa 4, maana mwanga huipa kuvu nafasi ya kukarabati vinasaba vyake. Usiige kwa taa ya dukani: huunguza macho na ngozi. Mwaka 2013 timu ya Hailing Jin, California, iligundua kwamba Botrytis hurusha vipande vidogo vya RNA (molekuli zinazobeba maagizo ya vinasaba) ndani ya mmea kuzima ulinzi wake, na 2016 wakageuza kibao: RNA iliyopuliziwa juu ya matunda, mboga na petali za waridi ilipunguza ukungu.

Baada ya kuvuna, friji haitakuokoa peke yake, kwani kuvu hii hukua taratibu hata kwenye nyuzijoto 0. Poza stroberi ndani ya saa moja au mbili, usizioshe kabla ya kuhifadhi, na moja yenye doa isiingie kwenye boksi, kwa sababu nyuzi zake huvuka kwenda kwa jirani bila kuhitaji mbegu wala upepo. Mchumaji aliyeshika bovu asiguse zima kwa mkono huohuo. Mpe mtu wa pili ndoo ya mabovu, atangulie mbele ya wachumaji.