Nyumba iliyokarabatiwa Mkomani

Nimerudi Mombasa kutoka Lamu na mawazo bado yako kule, kwenye nyumba moja ya ghorofa mtaa wa Mkomani. Jamaa waliokuwa nayo walihamia bara wakamuuzia mgeni, naye kaikarabati. Niliingia na kinyongo, maana kila nikienda nasikia fulani kauza, na fulani naye kauza. Lakini kazi iliyofanywa mle ndani nimeipenda, na haki ya fundi nitaitoa.

Alinionyesha alikoanzia. Kuta zilikuwa zimepigwa saruji zamani, kama nyumba nyingi za mji, na waliofanya hivyo walidhani wanaziimarisha. Jiwe la matumbawe, ambalo ndilo lililojengewa kuta hizi, hunywa maji. Chokaa huuachia unyevu utoke, saruji huufungia ndani, basi chumvi inachomoza ukutani kama unga, plasta inabanduka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuona. Fundi hupita na kinyundo, anagonga boriti moja baada ya nyingine huku katega sikio. Nzima inalia. Iliyooza sauti yake ni nzito, haiendi mbali. Nilimwomba anipe kinyundo nijaribu, na kweli hata mimi nilisikia tofauti. Saruji yote waliibandua, wakapaka chokaa iliyorowekwa wiki kadhaa, tabaka jembamba juu ya jembamba. Mawe ya kuzibia yalikatwa Maweni, kisiwani Manda, yakavushwa kwa mashua na kupandishwa vichochoroni kwa punda.

Boriti ndizo zilizoamua umbo la nyumba hizi tangu karne ya 18. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3 tu. Unatoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unaingia kiwandani, ua wa ndani wenye mwanga, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili zinazofuatana, ya chini na ya juu, halafu ndani kwenyewe, chumba cha faragha. Kila hatua sakafu inainuka kidogo na mwanga unapungua. Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya nakshi, umesafishwa mpaka nakshi zake zinaonekana kama zimechongwa jana.

Nyuma ya ndani kuna chumba kiitwacho nyumba ya kati. Leo ni bafu lenye maji ya moto na vigae vizuri. Shangazi yangu, ambaye nyumba yake iko uchochoro wa pili, aliniambia tangu nikiwa mdogo kwamba chumba hicho ndicho wanawake walichojifungulia, na ndicho maiti wa nyumba alichooshewa. Mtu alianzia pale na kumalizia pale, nyumba ileile. Mwenye nyumba ya sasa huja msimu wa baridi ya kwao, akiondoka anabaki mlinzi. Baraza ya nje imepakwa chokaa nyeupe na hakuna anayeikalia jioni.

Simlaumu. Bila fedha zake dari ingekuwa imeshaanguka, na magofu Mkomani tunayajua. Kenya iliuweka mji huu chini ya sheria ya hifadhi mwaka 1986, UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hayo yamesaidia: kuta, milango na nakshi vina mlinzi. Kinachoniuma ni kwamba sisi wenyewe tumejiaminisha kuwa nyumba kama hizi haziwezekani tena kwa watu wa kawaida, kwamba ni ama uuze ama uiache ianguke. Fundi yuleyule aliniambia kazi inaweza kwenda chumba kwa chumba, mwaka hadi mwaka, alimradi maji ya mvua yazuiwe kwanza.

Shangazi naye keshafuatwa na madalali. Ndugu zangu wawili wanaona bei ni nzuri. Nilipomgusia jambo hilo hakukasirika. Alitandika mkeka, akanimiminia kahawa, akaniuliza, "Mukiuza, mwanangu, mimi mutaniosha wapi?"

Jana usiku nimewapigia simu ndugu zangu. Mmoja kakubali kuchanga, mwingine kasema atafikiri. Kwa Shangazi tutaanza na sakafu ya darini ili mvua isipenye, kisha boriti za msana wa yuu zilizo upande wa kiwanda, na fundi kaahidi kuja kuzigonga zote kabla ya masika.