Atomu tano zimepotea

Juzi niliamka nikijua nitaikuta silikoni yangu, ile ninayoiiga ndani ya kompyuta, imeyeyuka vizuri. Nikakuta programu imesimama usiku, imeniachia mstari mmoja: atomu zimepotea, kati ya 4096 zimebaki 4091.

Kuzihesabu nguvu za atomu kwa fizikia ya kwanta ni ghali mno: ukiongeza atomu maradufu, kazi inakua karibu mara nane. Ndiyo maana, tangu wanasayansi Behler na Parrinello walipoonyesha njia mwaka 2007, tunaufundisha mtandao wa neva (programu inayojifunza kwa mifano) ukisie nishati ya kila atomu kwa kuangalia majirani zake. Ukifaulu, unaiga maelfu ya atomu na kuyapeleka majibu ngazi ya juu, kule kwa wahandisi, ambako hakuna atomu tena, kuna kipande kinachopinda na kupasuka. Modeli yangu ilikuwa na wastani mdogo sana wa makosa. Nilishaitangazia kila mtu.

Basi nikailaumu hatua ya muda, yaani muda ambao programu inauruka kila inapozisogeza atomu. Nilikuwa natumia femtosekunde 1 (kwa mwendo huo, sekunde moja nzima ingedai hatua 1,000,000,000,000,000, lakini hayo tuyaache). Kanuni ya Verlet, ile inayozisogeza atomu hatua kwa hatua, ina uungwana wake: ukiikata hatua nusu, mtikisiko wa jumla ya nishati unashuka hadi robo. Nikaweka 0.5. Ukashuka hadi robo, barabara kabisa. Baadaye atomu zikapotea. Nikaweka 0.25, robo tena, zikapotea tena. Siku mbili zimekwenda hivyo, nami namtesa asiye na kosa.

Mwenzangu akachungulia, akauliza, "Ndugu yangu, umewahi kuchukua atomu mbili tu, ukazisogeza?"

Sikuwa nimewahi. Aibu niliyoisikia!

Ndani ya fuwele ya silikoni, kila jirani hukaa angstromu 2.35 kutoka kwa mwenzake (angstromu moja ni mita moja ukiigawa mara bilioni kumi). Nikachukua atomu mbili, nikazisogeza karibu kidogokidogo huku nikichora nishati. Mstari ukapanda, sawa, maana atomu zikibanwa husukumana. Kwenye 2.0 ukaanza kulegea. Kwenye 1.8 ukageuka, ukaporomoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Data zangu za mafunzo zote zilitoka kwenye fuwele ya baridi, hazikuwa na jozi hata moja chini ya 2.1, na data za majaribio nilizichota gunia lilelile. Wastani ungejuaje? Kwenye kelvini 2000, joto la kuiyeyusha silikoni, jozi ya atomu hujisogeza huko mara mojamoja, na ikishachungulia kile kisima, zinamezana, zinatema nishati ya ajabu, na majirani wanarushwa nje ya sanduku.

Sasa msukumano wa karibu nimeuandika mwenyewe kwa ZBL, fomula ya zamani ya jinsi atomu zilizokaribiana mno zinavyosukumana; mtandao unajifunza kilichobaki tu. Nimeongeza na mifano ya silikoni iliyoyeyuka kwenye data za mafunzo.

Ninapoandika haya, iko hatua ya 310,000. Atomu 4096, zote zipo. Nimeshachungulia mara sita.