Mlango umekubali!

Leo nimemaliza kupiga rangi mlango wa nyuma wa gari langu, Toyota IST, hapa hapa uani, Tabata.

Bajaji iliukwangua mwezi uliopita. Puti ya kuziba mikwaruzo nikapiga, praima (rangi ya msingi) nikaisugua kwa msasa wa maji namba 600 mpaka vidole vikachubuka.

Wiki iliyopita niliharibu. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, nikapuliza hivyo hivyo. Rangi ikafanya ukungu mweupe, kama imemwagiwa maziwa. Unyevu wa Dar hauna huruma, jamani. Nikasugua yote, nikaanza upya.

Leo nimesubiri jua liwake. Barakoa usoni, mikono mitatu myepesi ya rangi, kila mmoja nauacha dakika 15. Kisha kliya, ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha.

Kliya ya pili ilipotulia, nikainama.

Mwembe wa jirani ulikuwa ndani ya mlango. Jani kwa jani.

Mwanangu akachuchumaa pembeni yangu: "Baba, naona meno yangu!"

Nimesimama pale mpaka chai imepoa. Nina furaha sana.

Mafundi rangi, nisubiri siku ngapi kabla ya msasa namba 2000 na polishi? Na mliowahi kujaribu nyumbani, wekeni picha hapa chini tuone.