Karkade ilinisaidia, lakini adui alikuwa jikoni

Ukitaka kujua Uganda ina madaktari wangapi, waambie watu una presha. Hapa Bombo nilimwambia mtu mmoja tu, kinyozi wangu, na jua halijazama kila jirani alikuwa na mti wake. Majani ya ovakedo. Mululuza. Mlonge. Kitunguu saumu kibichi. Mzee mmoja tuliyestaafu naye jeshini alinishauri ninywe mkojo wa ng'ombe. Nikamuuliza kama yeye ameshaunywa, akajibu kwamba yeye hana presha.

Na karibu wote walimalizia kwa neno lile lile: "Halafu hivyo vidonge achana navyo, mwili utavizoea." Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Vidonge sijaviacha. Nameza amlodipini asubuhi pamoja na kile kidonge kidogo cha kufungua mkojo, na dawa zote za miti ninazozitaja hapa zilikuja juu ya vidonge hivyo. Mwenzetu mmoja wa kikosi aliacha vyake kwa kumsikiliza mhubiri wa dawa ndani ya taksi, zile basi ndogo za abiria, na sasa mkono wake wa kushoto hauinui kikombe.

Wale wahubiri mnawajua. Taksi haijaondoka stendi, mtu anasimama mlangoni na mfuko wa chupa, anaanza na sala, anakwenda kwenye minyoo, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo, kisha presha. Chupa moja, magonjwa yote! Niliyekutana naye mimi alisema dawa yake imepimwa na serikali. Kweli serikali ina taasisi yake ya kuchunguza dawa za miti pale Wandegeya, na sheria ya tiba asili ilipitishwa mwaka 2019, lakini chupa yake haikuwa na namba ya NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, wala jina la mti uliomo. Nilimuuliza mti gani. Akasema ni siri ya babu. Nikamwambia hata mimi nilitunza siri za jeshi miaka mingi, ila sikuwanywesha watu.

Nikaanza na kitunguu saumu, kwa kuwa huo angalau naujua. Niliambiwa niponde punje, niiache kidogo ipate nguvu, nimeze mbichi kabla ya kula chochote. Nikafanya kijeshi, alfajiri, bila kukosa. Mke wangu alivumilia siku chache, kisha akahamia chumba cha watoto na mto wake. Kwenye taksi ya kwenda Kampala, abiria wa pembeni yangu alihamia nyuma, nikasafiri kama mbunge, kiti kizima changu. Lakini aibu yenyewe ilikuwa msikitini. Kwenye safu ya swala ya Ijumaa niliona mabega ya watu yanasogea mbali na yangu, na baada ya swala sheikh akaniita kando, akanikumbusha kwa upole kabisa ile hadithi ya Mtume kwamba aliyekula kitunguu saumu ajitenge na msikiti wetu. Mimi, sajini mstaafu, niliyelala porini na nyoka, nimefukuzwa na punje ya kitunguu! Presha ilishuka kidogo, hilo sikatai, lakini kifua kiliwaka moto mpaka usiku. Siku hizi kitunguu saumu kinakaa kwenye sufuria ya mchuzi. Na anayemeza aspirini au anayetarajia kung'olewa jino amuulize daktari kabla ya kukimeza kwa wingi, maana kinafanya damu ichelewe kuganda.

Nimejuaje kwamba ilishuka? Hapa lazima nijisifu kidogo. Nilinunua mashine ya kupimia, ile ya betri inayofungwa kwenye mkono wa juu, kwa laki na kitu, na nikachukua daftari la shule la mwanangu lililobaki kurasa nyingi. Kila asubuhi kabla ya chai naenda chooni kwanza, nakaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Napima, napumzika, napima tena, naandika. Siku moja mke wangu alinizungumzia karo ya shule mashine ikiwa inabana, namba ya juu ikaruka karibu alama ishirini. Nikamwonyesha. Akasema hiyo mashine ni mbaya, inachonganisha watu.

Na ujanja wangu mkubwa ulikuwa huu: mti mmoja kwa wakati mmoja. Watu wanachemsha majani matano pamoja, wakipata nafuu hawajui wamshukuru nani, wakiharisha hawajui wamlaumu nani. Mimi nilikunywa mmoja wiki kadhaa, nikaacha, nikatazama daftari, nikaanza mwingine. Majani ya ovakedo yalinipeleka chooni usiku kama mlinzi wa zamu, daftari likabaki pale pale. Mululuza ilikuwa chungu mno, na namba hazikusikia uchungu wangu. Kuna wiki nilijisikia mzima kama kijana, kichwa chepesi, nikapima nikakuta 164 juu ya 98. Tangu hapo mtu akiniambia "mimi presha yangu naisikia kisogoni" namwachia Mungu.

Iliyofanya kazi ni karkade. Sisi huku Bombo tunaijua, wengine wanaiita choya au rozela, yale maua mekundu yaliyokaushwa, wa ukoo mmoja na malakwang wanayopika Waacholi na Walango. Unanunua kwa kikombe, bei ni elfu chache tu. Namwagia maji yaliyochemka, nafunika, nachuja, nakunywa vikombe viwili kwa siku bila sukari. Watu wanaweka sukari mpaka kijiko kinasimama halafu wanasema ni dawa. Ni chachu, ndiyo, utakunja uso, lakini utazoea. Mwenye vidonda vya tumbo asiinywe tumbo likiwa tupu. Namba ya juu ilishuka alama sita, saba hivi, ikakaa huko. Si muujiza, ila daftari halina upendeleo.

Nilibeba maua na daftari mpaka kliniki. Sista alishangaa, anasema wagonjwa wengi huficha dawa za miti kama wanafunzi wanaoficha sigara. Akanieleza kwamba karkade nayo hufungua mkojo na kushusha presha, kwa hiyo pamoja na vidonge vyangu inaweza kunishusha kupita kiasi, niangalie kizunguzungu ninapoinuka kitandani, na nisinywe jioni. Mjamzito akasema aiache. Kisha akafungua daftari, akaniuliza swali ambalo hakuna jirani aliyeniuliza: "Mzee, maharage nyumbani mnapika na nini?"

Magadi! Jeshini tulikula posho, yaani ugali, na maharage, na mimi nataka maharage laini yanayoyeyuka, kwa hiyo mke wangu anatia magadi kila mara. Sista akasema yana sodiamu, ile ile iliyomo ndani ya chumvi, na mtu mzima hatakiwi kupita kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, kila kitu kikihesabiwa. Nikajumlisha magadi, chumvi ya mezani, unga wa mchuzi, na ile rolex ya jioni pale barabarani, chapati iliyoviringishiwa mayai. Nilikuwa nimepita kijiko hicho kabla ya saa sita mchana.

Sasa maharage yanalowekwa usiku kucha, yanapikwa polepole, hayayeyuki kama ya kambini lakini nayala. Rolex nimebakiza Jumamosi. Hilo peke yake lilishusha namba kuliko majani yote niliyoyachemsha, na pamoja na karkade na vidonge ninaona 134 juu ya 84, siku nyingine 138. Mke wangu amerudi chumbani. Majirani wale wale wenye miti wanakuja asubuhi kupima presha kwangu, na sikatai, ila betri kila mtu aje na zake.