Mzee Biya angeachwa apumzike jamani

Jamani hili jambo la Cameroon bado limenikaa kooni. Paul Biya amezaliwa 13 Februari 1933, Oktoba 2025 kagombea tena urais akiwa na miaka 92, wakatangaza kashinda kwa asilimia 53.66, tarehe 6 Novemba akaapishwa. Muhula wao kule ni miaka saba. Yaani huu alioanza ukiisha 2032 mzee atakuwa na miaka 99. Na kiti chenyewe alikikalia 6 Novemba 1982, kwa hiyo Mcameroon yeyote ambaye leo hajafika miaka 43 hajawahi kuishi hata siku moja chini ya rais mwingine. Kazaliwa, kasoma, kaoa, kazaa, mtoto wake naye kafikia umri wa kupiga kura, na rais ni yule yule.

Nikisema alitakiwa akae pembeni asigombee watu wananijia na hoja mbili. Kwanza eti namkosea mzee adabu, pili eti mbona Marekani nako wanatawaliwa na wazee. Hii ya pili naimaliza haraka. Biden alikuwa na miaka 81, mdahalo wake wa Juni 2024 ukaenda vibaya mbele ya dunia nzima, wabunge wa chama chake mwenyewe wakaanza kusema hadharani aachie, na tarehe 21 Julai akajitoa. Kwa maoni yangu alichelewa sana na chama chake kikalipia, ila walikuwepo watu wa kumwambia, wakamwambia, na usiku wakalala nyumbani kwao.

Hiyo ya adabu ndo inaniuma, maana na mimi nimelelewa hivyo hivyo, mzee hatukanwi. Na sisemi kwamba mtu akifika miaka 80 akili imekwisha. Mandela kaingia madarakani akiwa na 75, kafanya muhula mmoja kaondoka 1999, hakuna aliyelalamika kwamba kachoka. Kwa hiyo umri peke yake sio kesi yangu. Kesi yangu ni kwamba kwa Biya imefika mahali wananchi hawawezi tena kujua nani hasa anaamua mambo ya nchi yao, na hapo ndo nasema mtu mwenye mapenzi na nchi yake anatakiwa aache.

Angalia kazi zinavyokwenda. Barua nyingi nzito kutoka Ikulu ya Yaoundé zinakuja na maneno kwamba hii ni kwa maelekezo ya juu ya mkuu wa nchi. Sisi huku hayo tunayaita maagizo kutoka juu na tunajua yalivyo mazito, ukishaambiwa hivyo unanyamaza. Anayesaini mara nyingi sio rais bali katibu mkuu wa ofisi ya rais, Ferdinand Ngoh Ngoh, ambaye alikabidhiwa rasmi ruhusa ya kusaini kwa niaba ya rais mwaka 2019. Sawa, ruhusa anayo, sibishi. Lakini mwalimu wa Bamenda atajuaje kama kweli rais ndo kasema? Waziri aliyeandikiwa barua hiyo atamuuliza nani, wakati baraza la mawaziri lenyewe linakaa kwa nadra mno?

Kwenye ukoo wetu kulikuwa na babu mwenye shamba la minazi, alipozeeka sana akawa hatoki tena chumbani, na kuna ndugu mmoja ndo akawa anaingia kumpelekea uji na dawa. Kila akitoka ana neno. Babu kasema minazi ya mbele ikatwe, babu kasema kile kipande cha bondeni kiuzwe tupate hela ya matibabu. Hakuna aliyethubutu kuuliza maana kuuliza ni kama unamwona babu hana akili. Mpaka siku shangazi yangu mmoja alipoingia mwenyewe, akakaa kitandani, akamuuliza baba, bondeni umeuza kwa nani? Mzee akamwangalia akasema, nani kauza bonde langu? Na ilikuwa imeshauzwa, na karatasi zimeandikwa, na dole gumba lake lipo. Babu hakuwa mbaya na wala hakuwa ameomba abebeshwe ule mzigo, walioushikilia uzee wake ndo walikula.

Sasa hiyo ilikuwa ekari chache za minazi. Cameroon ni nchi ya watu wanaokaribia milioni 30, ina vita kwenye mikoa miwili inayozungumza Kiingereza tangu 2017 ambayo imeua watu zaidi ya 6,000, ina Boko Haram kule kaskazini kabisa. Mambo kama haya yanahitaji mtu wa kuamka usiku akapiga simu. Mwaka 2024 Biya alionekana Beijing mwanzoni mwa Septemba kwenye mkutano wa China na Afrika, baada ya hapo kimya. Mkutano wa Umoja wa Mataifa New York hakwenda, wa nchi zinazozungumza Kifaransa uliofanyika Ufaransa hakwenda, watu wakaanza kusema kafa. Serikali ilifanya nini? Waziri wa mambo ya ndani, Paul Atanga Nji, akawaandikia barua wakuu wa mikoa kwamba ni marufuku vyombo vya habari kujadili afya ya rais, eti ni suala la usalama wa taifa. Tarehe 21 Oktoba mzee akashuka uwanja wa ndege Yaoundé akiwa hai na wafuasi wakampokea kwa ngoma. Nilifurahi kuona yuko hai, kweli kabisa, simwombei mtu mabaya. Ila kama afya ya mtu mmoja ni suala la usalama wa taifa kiasi hicho basi hapo si ndo pa kusema huyu mtu asigombee tena?

Na dalili zilikuwepo mapema. Desemba 2022 kule Washington, kwenye mkutano wa Marekani na viongozi wa Afrika, ilisambaa klipu anapanda jukwaani anaonekana kachanganyikiwa, anawauliza wasaidizi wake, wanamwelekeza. Watu wengi waliicheka ile klipu, iliwekewa miziki. Mimi iliniumiza kwa sababu niliona mtu ambaye alitakiwa awe kwao Mvomeka'a na wajukuu wake, sio anasukumwa mbele ya kamera mwisho wa dunia.

Halafu kuna hii tabia ambayo Watanzania wenzangu mnaijua vizuri, ya watu kuchanga hela wakamchukulie mkubwa fomu. Cameroon nako ipo na wameifanya kuwa kama ibada, makada wa chama chake cha RDPC kila mkoa wanaandika maazimio ya kumwomba rais agombee, yanasomwa kwenye redio na TV, mzee kasikia wito wa wananchi wake. Tarehe 13 Julai 2025 akaweka ujumbe kwenye mtandao wa X kwamba anagombea na kwamba mazuri bado yanakuja. Ujumbe wa kuandika, sio hotuba. Kampeni nzima alifanya mkutano mmoja wa hadhara, Maroua, tarehe 7 Oktoba, siku tano kabla ya kura, na katikati ya kipindi hicho alikuwa amesafiri Ulaya safari binafsi. Mtu anayeomba miaka saba ya kazi ameshindwa kuzunguka nchi hata wiki moja kuiomba.

Waliokuwa karibu walijua. Issa Tchiroma Bakary alikuwa msemaji wa serikali kwa miaka, alisimama mbele ya waandishi akamtetea Biya kwa kila kitu, halafu Juni 2025 akajiuzulu uwaziri ili agombee dhidi yake, na siku hizo hizo waziri mwenzake Bello Bouba Maigari naye akatoka. Sijawapa pongezi kubwa sana, maana miezi minne kabla ya uchaguzi sio muda wa kugundua kwamba nchi haina dereva, wakati umekaa naye gari moja miaka yote. Afadhali askofu mkuu wa Douala, Samuel Kleda, aliyesema wazi Krismasi ya 2024 kwamba mzee kugombea tena sio jambo linaloingia akilini. Hata binti yake mwenyewe Brenda aliweka video TikTok Septemba akiwaomba watu wasimpigie kura baba yake, baadaye akaifuta kauli yake. Familia ni familia, siwezi kuingia humo.

Wengine wataniambia basi wananchi wangemkataa kwenye sanduku. Maurice Kamto, aliyekuwa wa pili mwaka 2018, jina lake lilikatwa na tume ya uchaguzi na baraza la katiba likabariki. Ukomo wa mihula uliondolewa mwaka 2008, vijana walioandamana mwezi wa pili mwaka ule waliuawa kwa makumi. Na safari hii Tchiroma alisema yeye ndo kashinda, watu wakaingia barabarani Douala na Garoua, wengine wakapigwa risasi wakafa, yeye akakimbilia Nigeria halafu Gambia. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba sanduku lilikuwa wazi. Mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumaliza hili kwa amani ni Biya mwenyewe, kwa kusema mwezi wa saba kwamba imetosha.

Kwa nini hakusema? Nimefikiria sana na jibu langu linarudi kwa Ahmadou Ahidjo. Huyu ndo rais wa kwanza wa Cameroon, na watu wanasahau kwamba yeye aliachia mwenyewe, Novemba 1982, ana miaka 58, habari ilikuwa ni afya, akamkabidhi waziri mkuu wake ambaye ndo huyu Biya. Kweli alibaki mwenyekiti wa chama na akataka kuendelea kuongoza kwa mlango wa nyuma, hilo ni kosa lake. Wakagombana, Ahidjo akakimbia nchi 1983, mwaka uliofuata akahukumiwa kifo akiwa hayupo, hukumu baadaye ikapunguzwa, Aprili mwaka huo huo likatokea jaribio la mapinduzi, watu wengi wa kaskazini wakafungwa, Tchiroma mwenyewe akiwemo. Ahidjo akafa Dakar 1989 na kaburi lake liko huko huko Senegali mpaka leo. Mke wake Germaine naye kafia Dakar 2021. Biya ameishi miaka zaidi ya arobaini akijua vizuri kuliko mtu yeyote kinachompata rais wa Cameroon akiachia kiti, kwa sababu yeye ndo aliyekuwa upande wa pili.

Huo woga naelewa. Sheria ilishampa kinga, mabadiliko yale yale ya 2008 yaliweka kwamba rais akitoka hashtakiwi kwa aliyoyafanya akiwa kazini, lakini nadhani mtu aliyemwona Ahidjo haamini karatasi. Kinachomlinda rais mstaafu ni mazoea ya nchi. Sisi Tanzania Mwalimu aliondoka 1985 akarudi Butiama kulima, na akaendelea kusema kwa sauti kubwa kabisa kila serikali ilipomkera, hakuna aliyemgusa. Mzee Mwinyi kaachia 1995 ana miaka 70, kaishi mpaka Februari 2024 akafika 98, tulikuwa tunamwona kwenye mazishi na sherehe za watu, mzee kanyooka, anacheka, anapenda watu. Huyo naye alifika miaka ya tisini kama Biya, lakini mmoja uzee wake kaumalizia kama baba wa watu wote, na mwingine askari wanapiga watu risasi kwa jina lake. Hata Moi, pamoja na kuzomewa pale Uhuru Park Desemba 2002, alienda zake Kabarak na 2020 akazikwa kwa heshima zote za kitaifa.

Na kingine kinachonitisha, huko Cameroon hata nafasi ya kumrithi ilikaa kizee. Wakati wa uchaguzi hawakuwa na makamu wa rais, katiba ilikuwa inasema rais akifariki spika wa seneti ndo anashika kwa muda, na aliyekuwa amekaa hapo tangu 2013 ni Marcel Niat Njifenji, kazaliwa 1934. Waliomsukuma Biya agombee walijua hilo pia.

Sasa ameshaapishwa, na sitegemei atajiuzulu kesho. Ila kuna jambo moja ambalo halihitaji kura wala bunge. Heshima ya Ahidjo ilisharudishwa kisheria tangu 1991, kilichobaki ni mwili. Biya atume ndege Dakar, Ahidjo aletwe nyumbani Garoua, azikwe kama rais, na Biya mwenyewe awepo pale kaburini kama afya inaruhusu. Hawezi kuirudisha miaka, lakini yeyote atakayefuata baada yake, awe Ngoh Ngoh, awe Kamto, awe kijana ambaye hatumjui bado, atakuwa ameona kwa macho kwamba rais wa Cameroon anaweza kutoka Ikulu na bado akawa na kwao.